Foleni ya rsyslog imeharibika baada ya umeme kukatika: uifute, uijenge upya au uichambue kwa mkono?

Rsyslog ni programu ya Linux inayokusanya na kutuma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine, na foleni yake ni mahali logi zinaposubiri kutumwa. Tuanze na jibu kwa wenye haraka. Kama kilichopotea ni faharasa tu, yaani lile faili linaloishia na .qi, ijenge upya kwa skripti ya recover_qi.pl. Kama vipande vyenyewe vya foleni vimeharibika, vichambue kwa grep, amri ya kutafuta mistari ndani ya faili, na uridhike na utakachopata. Kama logi hizohizo zipo pia mahali pengine, achana na foleni, kazichukue huko. Kufuta kila kitu na kuwasha huduma upya nako ni uamuzi halali, mradi umekaa ukaamua, usifanye hivyo kwa sababu tu mtu kwenye kundi la WhatsApp amesema "futa hizo, itakaa sawa". Itakaa sawa kweli, ila logi hutaziona tena.

Mpangilio ninaoufikiria ni ule wa ofisi nyingi za kanda ya kati. Seva kuu ya kukusanyia logi iko Dodoma mjini. Vituo vya Mpwapwa, Kongwa, Kondoa na Manyoni kila kimoja kina mashine ndogo ya Linux inayopokea logi za rauta, swichi na programu za hapo, kisha kuzituma makao makuu kwa TCP. Mtandao ukikatika, rsyslog ya kituoni haitupi ujumbe. Inaupanga kwenye foleni, na foleni ikikaribia kujaa kwenye RAM inaanza kumwaga diskini. Mtandao unaweza kukosekana siku mbili, foleni ikazidi kunenepa, halafu usiku umeme ukakatika, UPS ikapiga kelele mpaka ikachoka, na mashine ikazimika katikati ya kuandika.

Asubuhi ukifungua /var/spool/rsyslog (hiyo ni Ubuntu na Debian, kwa Red Hat na ndugu zake ni /var/lib/rsyslog) unakuta hivi:

```
kwenda_dodoma.00000014
kwenda_dodoma.00000015
kwenda_dodoma.00000016
kwenda_dodoma.00000017
```

Vipande vipo, .qi haipo. Faili hilo dogo ndilo linaloiambia rsyslog kipande kipi kinasomwa, kipi kinaandikwa, na imefika baiti ya ngapi. Kwa mipangilio ya kiwandani huandikwa pale huduma inapozimwa kwa utaratibu tu, kwa sababu queue.checkpointInterval huja ikiwa 0. Umeme ukikatika hakuna utaratibu. Rsyslog ikiwaka bila .qi inaanza foleni mpya, na vipande vya zamani vinabaki pale vikila nafasi ya diski bila wa kuvisoma.

Jambo moja halibadiliki kwa njia yoyote utakayochagua: ujumbe uliokuwa bado kwenye RAM umekwenda. Foleni ya aina ya LinkedList iliyopewa jina la faili haiandiki diskini mpaka ifike kiwango cha juu, ambacho kwa kawaida ni asilimia 90 ya ukubwa wake. Kwa hiyo bosi akiuliza kama utarudisha "zote", usimwahidi.

Kabla ya kuchagua

Zima huduma, kisha nakili folda nzima. Ubuntu ina ujanja wake hapa: ukizima rsyslog peke yake, soketi inaiamsha tena ujumbe wa kwanza ukiingia.

```
systemctl stop syslog.socket rsyslog.service
cp -a /var/spool/rsyslog /root/foleni-nakala
```

Nakala ikae kwenye mashine au kwenye seva kuu, si kwenye flashi inayozunguka ofisini. Logi zina majina ya watumiaji, anwani za IP na wakati mwingine namba za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 1, 2023. Fundi anayebeba logi za kituo mfukoni kwenye basi la Mpwapwa anajitafutia maswali.

Hakikisha pia unatafuta saa sahihi. Mlinzi akikwambia, "Kaka, umeme ulikata saa nane usiku," kwenye logi unatafuta 02:00. Na kama rauta imewekwa UTC badala ya saa za Afrika Mashariki, tukio hilohilo liko 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Nimeona watu wakitangaza kwamba logi za usiku ule zimepotea, kumbe zipo, zimekaa chini ya tarehe ya jana.

Baada ya hapo jiulize swali linaloamua karibu kila kitu: foleni hii ndiyo nakala pekee?

Njia ya kwanza: kuzifuata logi kwenye chanzo

Hii husahaulika kwa sababu macho yote yako kwenye faili lililoharibika. Logi za mashine yenyewe ya kituo kwa kawaida ziko pia kwenye /var/log/syslog au /var/log/messages. Ubuntu huzizungusha kila wiki na kubakiza nne, kwa hiyo una karibu mwezi mzima wa kurudi nyuma. Kama rsyslog inasoma logi za programu kutoka kwenye mafaili kwa imfile, moduli yake ya kazi hiyo, mafaili hayo hayajaenda popote. Na kama journald, huduma ya logi ya systemd, inaandika diskini, yaani folda ya /var/log/journal ipo, unaweza kutoa kipindi unachotaka:

```
journalctl --since "2025-03-11 18:00" --until "2025-03-12 07:00" -o short-iso
```

Njia hii inaishia kwenye vifaa. Rauta na swichi nyingi huweka logi kwenye kumbukumbu ndogo ya ndani, na umeme ukikatika nayo hufutika. Kituoni zilituma kwa UDP, hazikuuliza kama zimepokelewa. Kama mashine ya kituo haikuandika nakala yake ya pembeni ila iliziweka tu kwenye foleni ya kwenda Dodoma, basi foleni ile ndiyo pekee iliyobaki, na hapo kazi inastahili jasho.

Njia ya pili: kuijenga upya .qi

Skripti ya recover_qi.pl ni ya Perl na imo kwenye folda ya tools ya msimbo wa rsyslog. Inapitia vipande kwa mfululizo wa namba zake na kuandika faharasa mpya. Namba 8 hapa chini ni idadi ya tarakimu zilizo mwishoni mwa jina la kipande.

```
perl recover_qi.pl -w /var/spool/rsyslog -f kwenda_dodoma -d 8 > /root/kwenda_dodoma.qi
```

Maelekezo mengi huelekeza matokeo moja kwa moja kwenye folda ya foleni. Mimi sipendi. Skripti ikikwama njiani, unabaki na .qi tupu au nusu mahali ambapo rsyslog itaisoma. Iandike pembeni, ifungue uione, ndipo uihamishe. Ndani yake utaona maelezo ya mikondo miwili, wa kuandika na wa kusoma, kila mmoja na iCurrFNum yake, yaani namba ya kipande. Wa kusoma uwe kwenye kipande cha kwanza ulichonacho, wa kuandika kwenye cha mwisho.

Kuhamisha nako kuna mtego unaopoteza saa nzima za watu. Wewe umefanya kazi kama root, lakini kwenye Ubuntu rsyslog huendeshwa na mtumiaji anayeitwa syslog. Faili la root huenda asiweze kulisoma wala kuliandika.

```
install -o syslog -g adm -m 600 /root/kwenda_dodoma.qi /var/spool/rsyslog/
```

Upande wa Red Hat shida hiyo haipo, kuna SELinux badala yake, ulinzi unaotumia lebo za mafaili. Malizia na restorecon -Rv /var/lib/rsyslog. Kisha washa huduma na uangalie kwa ls. Vipande vikianza kupotea kuanzia namba ndogo, ujue vinasomwa na kutumwa, kwani rsyslog hufuta kipande ikikimaliza.

Faida ya njia hii kuliko zote ni kwamba ujumbe unarudi kwenye mkondo wake ukiwa na saa yake ya asili, chanzo chake na ngazi yake, na seva kuu inaupanga panapostahili bila wewe kugusa kitu. Gharama yake ni marudio. Skripti haijui kipande cha kwanza kilikuwa kimesomwa mpaka wapi, kwa hiyo usomaji unaanzia mwanzo wake, na jumbe zilizokwisha kufika Dodoma zitafika tena. Kwa foleni ya kutuma, ambayo vipande vyake ni vya megabaiti 1 usipobadilisha, marudio hayo ni machache. Kwa logi za usalama hayasumbui. Kwa logi unazozihesabu, mfano miamala kwa siku, lazima uyaondoe kabla ya kutoa ripoti.

Kama laini ya kituo ni nyembamba, usishangae mfumo wa wahasibu ukiwa mzito wakati foleni inamwagika. Rsyslog ina queue.dequeueTimeBegin na queue.dequeueTimeEnd za kupanga saa za kutoa foleni, ukaiacha ifanye kazi usiku.

Njia ya tatu: kuichambua kwa mkono

Skripti inajenga ramani tu. Data iliyooza haiponyi. Ndiyo maana kabla ya kuitumia ni vizuri kuangalia mkia wa kila kipande:

```
tail -c 64 kwenda_dodoma.00000017 | xxd
```

Kipande kizima kinaishia na >End halafu nukta kwenye mstari wake. Ukiona safu za sifuri tupu, ujue mfumo wa mafaili ulishatenga nafasi lakini data haikuwahi kuandikwa umeme ulipokwenda. Ukiona ujumbe uliokatika katikati, ni maneno yaleyale kwa njia nyingine.

Uzuri wa rsyslog ni kwamba vipande hivi ni maandishi. Ujumbe mmoja ndani yake, nikiupunguza, unafanana hivi:

```
<Obj:1:msg:1:
+iSeverity:2:1:5:
+iFacility:2:2:23:
+pszRawMsg:1:58:<189>Mar 12 02:03:41 rauta-mpwapwa login failed user=admin:
>End
.
```

Ile 58 ni urefu wa ujumbe kwa baiti. Ukihesabu ukapata pungufu, ujumbe umekatika na usiutumie kama ushahidi. Ile 189 ni 23 mara 8 kujumlisha 5, yaani aina ya chanzo na ngazi vikiwa pamoja, kwa hiyo hata mistari ya juu ikipotea bado unaweza kuvijua. Na angalia kilichomo: mtu alikuwa anajaribu nywila ya rauta saa nane usiku. Logi ya namna hiyo huifuti kwa uvivu.

Kutoa jumbe zote:

```
grep -a '^+pszRawMsg:' kwenda_dodoma.00000017 | cut -d: -f4- | sed 's/:$//' > zilizookolewa.txt
```

Usisahau -a. Bila hiyo grep ikiona zile sifuri inadhani faili ni la binari na kukataa kukuonyesha mistari.

Udhaifu wake ni kwamba sasa una faili la maandishi lililo nje ya mfumo. Wengi hukimbilia kulirudisha kwa amri ya logger, na logger inapiga muhuri wa saa ya sasa, kwa hiyo tukio la usiku wa manane linaonekana la saa nne asubuhi. Afadhali ulisukume kama lilivyo kwa nc kwenye bandari ya TCP ya seva kuu, maana kila mstari tayari una ngazi na saa yake. Hata hapo kuna kasoro: muundo wa zamani wa syslog, ule wa RFC 3164, hauna mwaka wala ukanda wa saa. Ukirudisha logi za Desemba mwezi Januari, kagua zimeangukia mwaka gani. Kwa uchunguzi mimi huacha faili peke yake, nikaandika juu yake limetoka wapi.

Mara nyingi jibu zuri liko kati ya njia ya pili na ya tatu. Umeme ukikatika, kinachoumia kwa kawaida ni kipande cha mwisho kilichokuwa kinaandikwa. Kihamishe nje ya folda, jenga .qi kwa vilivyobaki, vitume kwa njia ya kawaida, halafu hicho kimoja ukichambue kwa grep. Lakini kama kilichoharibika ni cha katikati, mfano namba 15 kati ya 14 na 17, mfululizo umekatika; hapo nachambua vyote kwa mkono na kusahau skripti.

Njia ya nne: kufuta

Logi za kiwango cha debug, yaani za kutafutia hitilafu, logi za kifaa cha majaribio, au logi ambazo umezihakikisha kwenye chanzo: futa, washa, endelea. Andika kwenye daftari la matukio kwamba kuna pengo la kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Mkaguzi akikuta pengo lililoandikwa anauliza swali moja. Akilikuta mwenyewe anauliza mengi.

Je, programu nyingine zingekuwa na nafuu?

Swali hili huja kila mara baada ya tukio, kwa hiyo niziweke pamoja:

| Programu | Foleni ilivyo | Ikiharibika | Chombo cha kusomea |
|---|---|---|---|
| rsyslog | maandishi, vipande na .qi | inaanza foleni mpya, ya zamani haisomwi | recover_qi.pl, grep |
| syslog-ng | binari, .qf au .rqf | inaliongezea jina .corrupted, inaanza jipya | dqtool |
| journald | binari, .journal | inaliongezea jina alama ya ~, inaanza jipya | journalctl |
| Logstash | kurasa za megabaiti 64 na faili la checkpoint | foleni inaweza kugoma kufunguka | pqcheck, pqrepair |

Mshindani wa kweli kwa kituo kama cha Kondoa ni syslog-ng. Ukiwasha disk-buffer na reliable(yes), kila ujumbe unaandikwa kwenye faili la .rqf badala ya kusubiri RAM ijae, kwa hiyo kinachopotea umeme ukienda ni kidogo kuliko rsyslog ya mipangilio ya kiwandani. Ukiacha reliable(no) unapata .qf, kasi inaongezeka, na sehemu ya foleni inarudi kukaa kwenye RAM. Tabia yake ya kulipa faili jina la .corrupted badala ya kuliandikia juu naipenda sana: ukifika asubuhi, ushahidi uko palepale, na unaufungua kwa dqtool cat. Lakini faili ni la binari. Kichwa chake kikiumia na dqtool ikakataa, unabaki na amri ya strings na subira yako.

Journald haina amri ya kutengeneza. Amri ya journalctl --verify inakuonyesha palipoharibika tu. Hata hivyo faili lenye ~ bado linasomeka mpaka pale lilipoumia, na journalctl hulijumuisha bila kuambiwa. Angalia tu kwamba kwa kawaida husukuma data diskini kila dakika 5, isipokuwa ujumbe wa ngazi za crit, alert na emerg unaosukumwa palepale. Logstash ni ya makao makuu, si ya kituo chenye mashine ndogo. Pqrepair yake huondoa kurasa mbovu ili foleni ifunguke, kwa hiyo nakili folda kwanza hapa kuliko popote pengine.

Kama rsyslog tayari ipo na watu wako wanaijua, nisingehama kwa sababu ya tukio moja. (Debian tangu toleo la 12 haiiweki tena yenyewe, unaisakinisha.) Ningebadilisha mistari michache ya kitendo cha kutuma:

```
queue.type="LinkedList"
queue.filename="kwenda_dodoma"
queue.maxDiskSpace="2g"
queue.saveOnShutdown="on"
queue.checkpointInterval="100"
queue.syncQueueFiles="on"
action.resumeRetryCount="-1"
```

Checkpoint ya 100 ina maana .qi inaandikwa upya kila baada ya rekodi 100, kwa hiyo hata mashine ikizimika vibaya faharasa ipo na imechelewa kidogo tu. Ukiweka 1 unapata uhakika zaidi na diski ya kuzunguka italia. Kwenye SSD na logi chache za kituo, hutahisi tofauti. Seva kuu inayopokea kutoka vituo vyote isiguswe na 1 kabla ya kupima.

Kagua pia UPS. Nyingi za vituoni zimechomekwa umeme tu, ule waya wa USB wa kwenda kwenye seva uko bado ndani ya boksi. Bila waya huo na programu kama NUT, seva haijui betri inakaribia kwisha, haizimiki kwa utaratibu, na .qi haiandikwi. Mashine mpya kabla haijapakiwa kwenda Kondoa, izuie isifike seva kuu, ijaze foleni kwa logger mpaka vipande vitokee kwenye folda, kisha chomoa waya wa umeme ukutani na uone kama .qi ipo ikiwaka tena.